Likizo Bila Jembe

(Hotuba iliyosomwa baada ya chakula cha mchana, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tlawi)



Kamati iliponiandikia kuniomba nizungumze, ilisema nichague jambo lo lote lenye manufaa kwa wastaafu. Najua walichokuwa wakikitarajia. Tumekwisha kuelezwa habari za ng'ombe wa maziwa, tumekwisha kuelezwa habari za nyuki, kwa hiyo zamu hii ilikuwa ya vitunguu saumu, na mimi shamba la vitunguu saumu ninalo. Naomba radhi. Nitawaeleza jinsi mimi na mke wangu tulivyokwenda pwani, tukakaa siku saba katika hoteli ndogo iliyo ufukoni mwa bahari, tusifanye kazi yo yote, kisha tukarudi nyumbani. Msicheke. Au chekeni sasa mmalize, maana mbele kuna mahali ambapo sitapenda mcheke.

Kwanza niseme likizo ilikuwa nini kwetu. Wengi wetu humu tulikuwa watumishi wa Serikali au wa mashirika ya umma. Mimi nilianza kazi ya ukaguzi wa mahesabu mwaka wa 1982 nikastaafu mwaka wa 2021, nilipofikisha miaka sitini, maana nilizaliwa mwaka wa Uhuru. Mtumishi ana siku 28 za likizo kwa mwaka, na kila baada ya miaka miwili mwajiri humlipia nauli ya kwenda kwao, yeye na mkewe na watoto. Nauli hiyo ni ya kwenda kwao. Hailipwi kwenda mahali pengine. Basi mtu wa Tlawi aliyekuwa Tabora alipewa nauli ya Tlawi, akapanda basi, akafika amevimba miguu, akalala usiku mmoja, na asubuhi yake akakabidhiwa jembe au panga. Mimi likizo zangu nilizipanga Juni au Julai ili nikute mavuno ya mahindi. Nikizikosa hizo, nilikuta kuezua na kuezeka, au ukuta wa zizi, au kesi ya mpaka wa shamba. Siku 28 zilipokwisha nilirudi kazini kupumzika. Nasema kweli. Nilikuwa nikifika ofisini nakaa kitini na kuvuta pumzi, na karani wangu akiniuliza habari za likizo, namwambia ilikuwa njema.

Wala silalamiki. Ndivyo tulivyolelewa. Hata hivyo kuna hesabu moja nimeifanya, na mkaguzi hawezi kuacha kufanya hesabu. Darasa letu la kidato cha nne mwaka wa 1979 tulikuwa 42. Leo wamebaki 25. Kati ya wale 17 waliotangulia, sita walifariki kabla ya kutimiza miaka miwili tangu kustaafu. Kiranja wetu wa bweni, mnamkumbuka, yule aliyekuwa akituamsha saa kumi na moja kwa kugonga rimu ya gari, alikufa mwezi wa nane baada ya kustaafu. Nilimtembelea mwezi wa saba. Nilimkuta anajenga ukuta wa mawe kuzunguka shamba, ana jasho, ana shinikizo la damu. Nikamwambia apumzike. Akanijibu kwamba atapumzika ukuta ukiisha. Ukuta ule upo mpaka sasa, umebakiza hatua kama thelathini hivi.

Baada ya mazishi yale wanangu walikaa kikao bila mimi. Wakachanga fedha, wakatuambia kwamba wametulipia vyumba na nauli, tuende baharini. Nilikataa, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ilikuwa bei. Hoteli ile ilitutoza shilingi 90,000 kwa usiku mmoja, mimi na mke wangu, pamoja na chai ya asubuhi, na hiyo ndiyo bei ya mkazi. Mgeni wa nje hulipa zaidi. Wakati ule fedha hiyo ilikaribia bei ya gunia la mahindi. Niliona magunia saba yakiliwa katika siku saba, na walaji hawana hata jino lililosaga.

Sababu ya pili ilikuwa ya zamani zaidi, na wenzangu wa rika langu wataielewa. Mnamkumbuka mwalimu wetu wa siasa. Huyu ndiye aliyetusimulia mabishano ya mwaka wa 1970, wakati vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoandika barua nyingi katika gazeti la The Standard kuuliza: nchi iliyotangaza Ujamaa mwaka wa 1967 inajengaje mahoteli ya ufukoni kwa ajili ya matajiri wa Ulaya? Wakati huo Serikali ilikuwa inajenga kweli kweli. Kunduchi, Bahari Beach, na nyumba ya wageni kule kisiwani Mafia, zote ni za miaka hiyo. Wengine walisema tunahitaji fedha za kigeni. Wengine wakasema tunawafundisha vijana wetu kubeba masanduku na kuinama. Barua hizo zilikusanywa na Issa Shivji zikatoka kitabu mwaka wa 1973, na nadhani mwalimu wetu alikuwa nacho, maana alituzungumzia pia habari za Frantz Fanon, mzaliwa wa kisiwa cha Martinique katika bahari ya Karibi, aliyeonya katika kitabu chake cha mwaka wa 1961 kwamba wakubwa wa nchi changa wanaweza kuigeuza nchi yao kuwa mahali pa starehe za wageni. Fanon alikuwa akitoa mifano ya Havana na Rio. Sisi tulikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, tumevaa kaptula, na bahari hatujaiona hata kwenye picha ya rangi. Lakini somo liliingia. Kwangu mimi hoteli ya ufukoni ikawa ni mahali ambapo mtu mweusi huingia kwa mlango wa jikoni.

Sikumwambia mke wangu hayo yote. Nilimwambia tu kwamba sitaki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, wewe Dar es Salaam ulikwenda kwenye semina. Bahari uliiona. Mimi sijaiona."

Basi tukaenda.

Tuliondoka hapa Tlawi tarehe 6 Septemba, 2022. Njia mnaijua: Mbulu, Karatu, kisha kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Mto wa Mbu, ziwa Manyara likiwa upande wa kuume linang'aa kama bati jipya. Tukalala Arusha. Siku ya pili tukapita Moshi, Same, Mombo, Korogwe, Segera, tukaingia Tanga jioni. Mke wangu alikuwa amevaa sweta mbili, na kila tuliposhuka chini aliona aibu kuivua moja mbele ya abiria. Mombo aliivua ya kwanza. Segera aliivua ya pili, akasema huku watu wanaishije.

Tarehe 8, siku ya Alhamisi, tukapanda gari dogo la Pangani. Napenda nitue kidogo hapo Pangani, maana mji ule umenigusa. Ni mji mdogo wa zamani, una boma, una nyumba zenye milango ya nakshi ambazo nyingine zimechakaa sana, na minazi kila upande. Hapa ndipo Abushiri bin Salim aliponyongwa na Wajerumani mwezi wa Desemba, 1889, baada ya kuwapiga vita tangu mwaka wa 1888. Tulimsoma darasani kama jina la kukariri kwa ajili ya mtihani. Nilisimama kando ya mto nikawaza kwamba alikuwa mtu, na kwamba mto huu aliuona.

Na mto wenyewe nao una habari zake. Maji ya mto Pangani yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yanageuza mitambo ya umeme ya Hale, ndipo yanafika baharini. Mke wangu akaniuliza, na maji ya kwetu yanatokea wapi baharini? Nikafikiri, nikamwambia hayatokei. Maji ya kwetu Mbulu hayajui njia ya bahari. Yanateremka Manyara au Eyasi, yanakaa huko juani mpaka yanakuwa magadi. Akacheka, akasema ndiyo maana na sisi tumechelewa hivi.

Mwaka ule mto ulivukwa kwa kivuko kwenda ng'ambo ya Bweni, na kutoka hapo tukachukua bodaboda mbili mpaka Ushongo, katikati ya mashamba ya mkonge na minazi. Hoteli ilikuwa na vibanda vinane vilivyoezekwa makuti, kimoja kimoja, mbele yake mchanga, na mbele ya mchanga maji. Kijana wa mapokezi alitusalimia kwa adabu kabisa. "Shikamoo mzee, shikamoo mama. Karibuni sana. Wageni wenu wako nyuma?"

Alifikiri mimi ni dereva nimeleta watalii.

Ndugu zangu, miaka arobaini na sita ilirudi nyuma mara moja, nikamwona mwalimu wa siasa amesimama na chaki. Nilikuwa nimekwisha kuliinua sanduku niondoke. Mke wangu akamwambia kijana yule, kwa sauti ile ile anayotumia kuwaita ndama, "Wageni ndio sisi, mwanangu. Tunaomba ufunguo." Kijana alifedheheka mno. Kwa siku zote saba akawa anatuletea embe na madafu ambayo hayakuandikwa kwenye hesabu yo yote, na mimi kwa mara ya kwanza maishani sikudai stakabadhi.

Jioni ile ya kwanza, kiasi cha saa mbili na nusu usiku, tulikuwa tunakula samaki, changu wa kukaanga na wali wa nazi, mara wageni wawili wa meza ya pili, bwana na bibi wazee kutoka Uingereza, wakaletewa habari kwenye simu yao. Malkia Elizabeth alikuwa amefariki. Bibi yule akaweka uma chini akakaa kimya. Mimi nikaendelea kula, maana lilikuwa jambo lao. Mke wangu akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Akafuta mikono, akainuka, akaenda kwenye meza yao, akamshika yule bibi mkono akamwambia, "Pole sana mama. Poleni na msiba." Akakaa naye pale kama dakika kumi, mmoja hajui Kiswahili na mwingine hajui Kiingereza. Kesho yake yule bibi alitutafuta kutuamkia. Ndivyo tulivyopata majirani.

Sasa naingia kwenye shida ya kupumzika. Mnadhani ni jambo rahisi. Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na moja, kama kawaida, nikavaa, nikatoka nje, sina pa kwenda. Mke wangu alikuwa ametangulia. Nilimkuta amevunja kuti, amefanya fagio, anafagia mchanga wa mbele ya kibanda chetu, na alikuwa amekwisha kufagia vibanda viwili vya jirani. Dada wa usafi akaja mbio akimsihi aache, asije akaonekana yeye ndiye mvivu. Mke wangu akaacha, akakaa kwenye kiti cha kamba, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Mimi nilihesabu minazi. Ilikuwa 64. Mchana nikaihesabu tena.

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu tukagombana. Ugomvi ulianza kwa jambo dogo, nadhani ni chumvi, au ni mlango, wala sikumbuki. Lakini mwisho wake nakumbuka. Mke wangu alisema: "Mimi wewe sikujui usipokuwa na kazi." Kisha akaongeza kwamba tangu nimuoe mwaka wa 1985 hatujapata kukaa siku tatu mfululizo pasipo mmoja wetu kushika kitu mkononi. Nilitaka kubisha. Nikaanza kuhesabu miaka kichwani, mmoja mmoja, Singida, Tabora, Songea, Dodoma, na likizo zake, nitafute siku hizo tatu. Hazikuwapo.

Kilichotusaidia ni bahari yenyewe. Sisi watu wa milimani tunadhani bahari ni kitu kilichokaa mahali pamoja, kama ziwa letu hapo chini. Sivyo. Mara mbili kwa siku inaondoka, na mara mbili inarudi, kila safari inachukua kama saa sita, na kila siku inachelewa kwa muda usiotimia saa nzima. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani wanaita bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali wala hayaji karibu. Hayo wanaita maji mafu. Haya nilifundishwa na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akifuma dema, yaani mtego wa samaki wa fito, chini ya mkungu ulio karibu na hoteli. Nilimuuliza anaanza kazi saa ngapi. Akanitazama kwa huruma. "Mzee mwenzangu," akasema, "saa sina. Maji yakinipa nafasi naenda. Yasiponipa nakaa." Nikamuuliza akikaa anafanya nini. Akasema, "Nakaa."

Tulikuwa tumefika katika bamvua, maana mwezi ulikuwa mpevu tarehe 10. Saa nne asubuhi bahari ilikuwa imekwenda zake, imeacha mchanga mtupu wenye mistari kama shamba lililopigwa matuta, na wanawake wanaokota kombe na kutafuta pweza. Saa kumi jioni imerudi, imefika karibu na viti. Ilipokuwa imekwenda tulitembea. Ilipokuwa imerudi tulikaa. Tukajikuta tuna ratiba, na haikutoka kwetu wala kwa mwajiri. Siku ya nne mke wangu alilala usingizi mchana. Sikuwahi kumwona amelala mchana isipokuwa akiwa mgonjwa au amejifungua. Nilikaa karibu nikifukuza nzi.

Usiku wa tarehe 11, kama saa tano hivi, hatukuwa na usingizi, maji yakiwa yamekupwa kabisa na mbalamwezi kama mchana. Tukatoka tukatembea mbali kwenye mchanga ulio wazi. Hapa ndipo nilipowaomba msicheke.

Mwaka wa 1991 tulifiwa na mtoto wetu wa pili, akiwa na umri wa miaka minne, kwa homa. Mimi nilikuwa Songea, tena sikuwa ofisini, nilikuwa safarini wilayani. Simu ya maandishi ilinifikia siku ya tatu. Nilifika Tlawi siku ya saba, mtoto amekwisha kuzikwa. Nilikaa siku zangu za msiba, nikajenga kaburi kwa saruji, nikarekebisha bomba la paa kwa sababu lilikuwa linavuja, nikarudi kazini. Watu walisema nimejikaza kiume. Tangu siku hiyo jambo lile hatukulizungumza. Si kwamba tulikatazana. Kila nilipokuja palikuwa na mahindi.

Usiku ule aliniambia siku ile ilivyokuwa. Alinieleza nani alimbeba mtoto, njia waliyopita kwenda zahanati, mvua iliyowashika, na neno la mwisho mtoto alilolisema, ambalo mimi baba yake nililisikia kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na mmoja. Yaliyobaki ni yetu, sitayasema hapa. Nitasema tu kwamba nilimuuliza kwa nini hakuniambia kabla. Akasema, "Hukuniuliza. Na ungeniuliza, ningekujibu saa ngapi?" Hakulisema kwa uchungu. Lilikuwa swali la kweli, la mahesabu, na mkaguzi sikuwa na jibu.

Tulisimama pale mpaka maji yakaanza kutufuata miguuni.

Kesho yake tulipanda ngalawa kwenda Maziwe pamoja na wale wazee Waingereza, tukagawana gharama. Maziwe kilikuwa kisiwa chenye miti ya mivinje na kasa wengi waliokuja kutaga. Serikali ilikifanya hifadhi. Lakini bahari ilikuwa inakila, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa mwisho ulikuwa umekwisha. Sasa ni fungu la mchanga mweupe linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Ajabu ni kwamba kasa bado wanakuja kutaga pale pale, kama vile hawajapewa habari. Mayai yakiachwa, maji yangeyaua. Kwa hiyo wako watu wa Ushongo wanaoyafukua kwa mikono na kuyazika upya ufukoni kwao, kwa kina kile kile, na kuyalinda kwa muda wa siku hamsini au sitini mpaka yaanguliwe. Nahodha wetu alituonyesha mahali palipowekewa alama za vijiti. Mke wangu alimuuliza maswali mengi sana, kuliko aliyopata kuniuliza mimi juu ya kazi yangu kwa miaka 39.

Mimi niliingia majini siku hiyo. Niliingia mpaka magotini, halafu kiunoni. Kuogelea sijui, nanyi hamjui, kwa hiyo acheni kelele. Maji ya bahari ni ya vuguvugu. Hilo halikuwamo katika vitabu vyetu vya jiografia.

Siku mbili zilizobaki sina la kusimulia. Tulikula, tukalala, tukatazama majahazi, tukazungumza mambo ya ovyo. Niliacha kuhesabu minazi. Mke wangu alijifunza kutoka kwa dada wa usafi namna ya kupika samaki wa kupaka, na yeye akamfundisha kusuka kikapu chetu. Mwaliko wa kuja Tlawi uliotolewa kwa yule dada bado uko hai, na ameahidi kuja, akiambiwa kwanza kiasi cha baridi yetu.

Ndugu Mwenyekiti, nimeulizwa na baadhi yenu hapa nje kama nimebadili siasa yangu. Sikuibadili. Yule kijana wa mapokezi hakutudharau. Alitazama waliokuja kabla yetu, akakisia. Katika vibanda vinane, Watanzania tulikuwa ni sisi wawili. Mabishano ya mwaka wa 1970 yaliuliza kama mahoteli haya yajengwe kwa ajili ya wageni. Swali la kama mkulima wa Mbulu naye anaweza kuchoka, sikumbuki kama mwalimu wetu alilitaja. Ufaransa, mwaka wa 1936, wafanyakazi walipata kwa sheria wiki mbili za likizo yenye malipo, na wako watu wazima walioiona bahari mwaka ule kwa mara ya kwanza, wamefika kwa baiskeli na garimoshi wakiwa na chakula chao mkononi. Wale walikuwa wafanyakazi wa viwanda. Hakuna aliyewauliza wageni wao wako wapi.

Kwa wenye kutaka kujua mambo ya vitendo: Septemba ni mwezi mzuri, mahindi yamekwisha kuvunwa na upepo wa kusi umeanza kupoa. Tazameni mwezi kabla ya kupanga tarehe; mkipenda kutembea nendeni wakati wa bamvua. Chukueni kofia. Msichukue sweta zaidi ya moja. Wasiokuwa na watoto wa kuwachangia, bei inapungua mkiwa wengi, na nimekwisha kumpa katibu namba ya ile hoteli. Waliokwisha kujiandikisha ni watu wanne, wote wanaume. Nimemwambia katibu kwamba fomu isiyo na jina la mama wa nyumbani aifute.

Nilipewa dakika ishirini. Mama yuko pale nyuma karibu na mlango, na naona ameanza kunionyesha saa.